Mjuzi Akihitimu, Roboti Inabaki na Nani?

Kila Januari maelfu ya timu za sekondari duniani hupokea kwa siku moja kanuni za mchezo mpya wa FIRST Robotics Competition, yaani FRC. Mashindano haya yalianza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kwa juhudi za mvumbuzi Dean Kamen na Profesa Woodie Flowers wa MIT. Toka siku hiyo hadi pambano la kwanza ni wiki chache tu. Ndani ya wiki hizo roboti yenye uzito wa zaidi ya kilo 50 inapaswa kuchorwa, kukatwa, kuungwa, kuvutiwa nyaya na kuandikiwa programu. Skrubu ya kwanza haijakazwa, na tayari wanafunzi wanabishana: tuandike kwa lugha gani, na tuiendeshe kwa kompyuta ipi?

Ubishi huo kwa kawaida hupimwa kwa sifa za lugha zenyewe. C++ ina kasi. Java ni salama. Python ni nyepesi kujifunza. LabVIEW huonyesha programu kama mchoro. Kila kauli ina ukweli wake, lakini zote zinaruka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Timu ya wanafunzi ni chombo ambacho watu wake wote huondoka ndani ya miaka minne au pungufu. Mwandishi wake bora wa programu huhitimu pale pale anapoiva. Kwa hiyo lugha na kifaa vipimwe kwanza kwa swali hili: maarifa yaliyomo ndani yake yatapokewa na nani mwaka ujao? Ukiitazama historia ya mashindano haya, tabia za timu kubwa na hali ya shule zetu za Afrika Mashariki, utaona kwamba kipimo hicho kinaeleza mengi ambayo kipimo cha kasi hakielezi.

Kanuni huchagua kwanza

Uhuru wa timu huanzia pale kanuni zinapokomea. Katika mashindano ya VEX V5, roboti zote hutumia kompyuta moja inayoitwa ubongo, pamoja na mota zenye enkoda ndani, yaani kihisio kinachopima mota imezunguka kiasi gani, na lugha ni vitalu vya kuburuta, Python au C++. Wanaotaka kwenda mbali zaidi hutumia PROS, mfumo wa C++ uliotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue. Katika FIRST Tech Challenge, yaani FTC, roboti huanza mchezo ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18 kila upande, kama sentimita 46, na moyo wake ni Control Hub ya REV Robotics, kisanduku chenye kompyuta ya Android ndani. Lugha zake ni Java na vitalu. Katika FRC kompyuta ya roboti kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa roboRIO ya National Instruments, na lugha rasmi ni Java, C++, Python na LabVIEW.

Ufungaji huu una sababu. Roboti nzito inayokwenda kwa kasi mbele ya watu lazima iweze kuzimwa na waamuzi papo hapo, na mfumo wa uwanja hauwezi kuwasiliana na kila kompyuta ambayo kila shule imejibunia. Pia kanuni zinapunguza pengo kati ya shule tajiri na shule ya kawaida, japo haziliondoi. Matokeo yake ni kwamba lugha na kifaa ni uamuzi mmoja. Ukichagua mashindano, umeshachagua kompyuta, na kompyuta hiyo imeshakupunguzia lugha. Kinachobaki mikononi mwa timu ni sehemu ndogo, lakini ndiyo yenye uzito, kwa sababu ndiyo inayoamua timu itaishi vipi msimu baada ya msimu.

Historia ya kubadilishiwa ubongo

Timu za zamani za FRC zinajua kwamba hakuna kifaa cha kudumu. Hadi mwaka 2003 kontrola ya roboti iliandikiwa kwa PBASIC, lugha ndogo ya aina ya BASIC. Mwaka 2004 ikaja kontrola yenye chipu ya PIC, iliyoandikiwa kwa C, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti chache tu. Kijana aliyeandika programu ya mkono wa roboti wakati ule alilazimika kuhesabu karibu kila kigezo alichokitangaza.

Mwaka 2009 likaja badiliko kubwa: cRIO ya National Instruments, kifaa cha viwandani chenye prosesa ya megahezi 400, pamoja na lugha mbili, LabVIEW na C++. Java iliongezwa mwaka 2010. Mwaka 2015 roboRIO ilichukua nafasi ya cRIO, ikiwa na viini viwili vya ARM vya megahezi 667 na RAM ya megabaiti 256. Toleo la pili lilikuja katika msimu wa 2022 likiwa na megabaiti 512. Python, ambayo wapenzi wake waliitumia kwa miaka mingi bila kutambuliwa, ilikubaliwa rasmi katika msimu wa 2024. FIRST, shirika lenye mashindano haya, imetangaza pia kwamba kuanzia msimu wa 2027 roboRIO itaachia nafasi Systemcore, kompyuta iliyojengwa juu ya moduli ya Raspberry Pi, ambayo inakusudiwa kutumika FRC na FTC pia.

FTC nayo ilipita njia kama hiyo. Ilitumia matofali ya LEGO NXT hadi mwaka 2015, ikahamia kwenye simu za Android zilizofungwa juu ya roboti, halafu ikaja Control Hub. Simu zilileta nguvu kubwa ya kompyuta kwa bei nafuu, lakini kebo ya USB kati ya simu na kontrola ililegea roboti zilipogongana, na umeme tuli uliweza kukata mawasiliano katikati ya mchezo. Control Hub iliiingiza kompyuta ya Android ndani ya kisanduku, na kebo ile ikaondoka. Hata LEGO, ambayo Mindstorms yake ya mwaka 1998 iliwafungulia mlango mamilioni ya watoto, iliacha kuuza bidhaa hiyo mwisho wa mwaka 2022, na shule zilizokuwa na makabati yaliyojaa EV3, toleo mojawapo la Mindstorms, zikabaki na vifaa visivyotengenezwa tena.

Timu zilizovuka mabadiliko hayo bila kuyumba ni zile zilizokuwa zimeelewa kazi yenyewe: jinsi ya kugawa roboti katika mifumo midogo, jinsi ya kusoma enkoda na kuirekebisha mota kwa kulinganisha inapotakiwa kuwa na ilipo, jinsi ya kujaribu sehemu moja kabla ya kuunganisha zote. Maarifa hayo hayakufungwa ndani ya PBASIC wala ndani ya cRIO. Timu iliyokuwa imekariri tu mahali pa kubofya ililazimika kuanza upya.

Kasi ina thamani gani?

Tulichukulie swali la kasi kwa uzito wake, maana halikosi msingi. Programu ya kawaida ya FRC huzunguka mara 50 kwa sekunde: kila milisekunde 20 husoma vihisio na amri za dereva, hufanya hesabu, kisha hutuma amri kwa mota. Roboti inayokwenda mita 4 kwa sekunde husogea sentimita 8 ndani ya mzunguko mmoja. Java ina desturi ya kusafisha kumbukumbu yake yenyewe, na ikisimama kwa milisekunde 40 kufanya usafi huo, roboti imeshakwenda sentimita 16 bila kuongozwa. Katika mchezo ambao mpira unatakiwa kuingia kwenye tundu, sentimita 16 ni nyingi.

Hesabu hiyo ndiyo silaha ya watetezi wa C++, na ingekuwa na nguvu zaidi kama kazi yote ingefanyika kwenye kompyuta kuu. Haifanyiki hapo. Kontrola za mota za kisasa, kama Talon za CTR Electronics na SPARK MAX ya REV, zina kompyuta zao ndogo ndani. Kompyuta kuu huiambia kontrola kupitia nyaya za mawasiliano za CAN, “nenda hadi pembe hii”, na kontrola yenyewe husoma enkoda na kurekebisha mota hata mara 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo roboti ile ile inasogea milimita 4 tu kati ya sahihisho moja na jingine. Kompyuta kuu ikichelewa kidogo, mkono wa roboti haudondoki, kwa sababu anayeushika ni kontrola.

Kwa hiyo kupanda kwa ubora wa vifaa kumeshusha uzito wa lugha. Hili ndilo jambo ambalo mabishano mengi hayalioni: timu inayonunua kontrola nzuri na mota yenye enkoda imenunua pia uhuru wa kuandika kwa lugha rahisi zaidi. Na timu isiyo na uwezo huo, inayotumia mota za brashi bila enkoda, haitaokolewa na C++, kwani hakuna kasi ya hesabu inayoweza kufidia habari ambayo roboti haina.

Wapo wanaostahili kutumia C++ kwa sababu za kweli. Timu namba 971 ya Mountain View, California, imejijengea kwa miaka mingi mfumo wake wenyewe wa C++ na hutumia mbinu za udhibiti ambazo wengi hukutana nazo chuo kikuu. Kazi yao ni ya kupendeza na wameiweka wazi kwa wote. Lakini Mountain View ni mji ambao wahandisi wa programu wamejaa kila mtaa, na timu inaweza kumpata mlezi mwingine mmoja wao akihama. Anayeiga lugha yao bila kuwa na mazingira yao anachukua mzigo bila wabebaji.

Kwa nini Java ilishika

Java ndiyo lugha inayotumiwa na timu nyingi zaidi za FRC. Sababu yake kubwa inatoka nje ya roboti kabisa: mtihani. Mtihani wa sayansi ya kompyuta wa Advanced Placement, ambao wanafunzi wa sekondari za Marekani huufanya ili kupata alama zinazotambuliwa na vyuo, ulianza mwaka 1984 kwa Pascal, ukahamia C++ mwishoni mwa miaka ya 1990, na katika mwaka wa masomo wa 2003–2004 ukahamia Java. Tangu hapo kila shule yenye somo hilo ilikuwa na mwalimu anayejua Java na darasa la vijana wanaoisoma. Java ilipofika kwenye cRIO mwaka 2010, walimu na wanafunzi walikuwa wanaisubiri.

Halafu wengi huvuta wengi. Maktaba kuu ya FRC, WPILib, iliyozaliwa Worcester Polytechnic Institute, ina mifano tele ya Java. FTC pia hutumia Java, hivyo kijana anayepanda kutoka FTC huja nayo mkononi. Timu namba 254 ya San Jose, yenye mataji mengi, huchapisha programu zake kila baada ya msimu, na timu ndogo husoma kazi yao ya Java ili kuelewa jinsi njia ya roboti inavyopangwa. Timu namba 6328 ya Massachusetts ilitengeneza AdvantageKit, chombo cha Java kinachorekodi kila kitu ambacho roboti ilikisoma wakati wa mchezo, ili tukio lililotokea uwanjani lirudiwe kwenye kompyuta na kuchunguzwa.

Kwa maneno mengine, Java ilishinda kwa sababu mwanafunzi akikwama saa mbili usiku kabla ya mashindano, yupo jirani wa kumuuliza. Uwanjani, timu ya meza ya pili huja kusaidia ikiwa inaisoma lugha yako. Msaada huo ni sehemu ya utamaduni wa FIRST, ambao Woodie Flowers aliuhubiri maisha yake yote: shindana kwa nguvu zote, na msaidie mpinzani wako kwa moyo ule ule. Lugha yenye majirani wengi huuwezesha utamaduni huo kufanya kazi.

Kosa hujitokeza lini?

Njia nzuri ya kulinganisha lugha hizi ni kuuliza kosa litaonekana saa ngapi. Java na C++ hupitia kompaila, na kompaila hukataa programu ambayo jina limekosewa au aina ya data hailingani. Kosa hilo huonekana mezani. Python haina hatua hiyo: mwanafunzi huandika, hutuma, huendesha. Hilo huharakisha kujifunza, lakini jina lililokosewa ndani ya sehemu inayotumika mara chache linaweza kungoja hadi dereva abonyeze kitufe fulani katikati ya pambano, na roboti ikasimama. Timu inayotumia Python inahitaji nidhamu ya kufanya majaribio na kutumia zana za ukaguzi wa msimbo. Ikiwa na nidhamu hiyo, inakwenda vizuri kabisa.

C++ hukagua mezani kama Java, lakini inamwachia mwandishi jukumu la kumbukumbu, na kosa la kumbukumbu huweza kujificha siku nyingi kabla ya kuiangusha programu nzima. Kumfundisha mtoto wa miaka 15 kulitafuta kosa la aina hiyo kunahitaji mlezi aliyewahi kuteseka nalo.

LabVIEW ina ubora ambao watu hupenda kuusahau. Mwanafunzi anayeogopa maandishi huiona data ikitiririka kwenye nyaya za mchoro na huelewa mambo mawili yanayoendeshwa sambamba vizuri zaidi kuliko anavyoweza kuyaelewa katika mistari. Udhaifu wake upo kwenye ushirikiano. Wanafunzi wawili wakibadilisha mchoro mmoja, kuunganisha kazi zao ni shida, kwa kuwa Git, chombo cha kutunza na kuunganisha matoleo, kimeundwa kwa ajili ya maandishi. Timu ikikua, kazi hubaki mikononi mwa mtu mmoja mwenye faili, na mtu huyo akihitimu pengo ni kubwa.

Vitalu vya FTC navyo hudharauliwa kama kitu cha watoto. Sikubaliani na dharau hiyo. Mhariri wake unaweza kuonyesha Java inayolingana na vitalu ulivyovipanga, na hapo mwanafunzi huvuka daraja kwa macho yake mwenyewe: hiki ndicho kitalu changu, na hivi ndivyo kinavyoandikwa.

Fedha iende wapi?

Upande wa vifaa, kishawishi kikubwa ni kompyuta ya pili. Tangu msimu wa 2023 viwanja vya FRC vina AprilTag, alama za miraba myeusi na myeupe ambazo kamera huzisoma na kukokotoa roboti iko wapi. Timu nyingi hununua Limelight, kamera yenye kompyuta ndani, au huweka programu huria ya PhotonVision kwenye Raspberry Pi au Orange Pi. Kabla ya hapo, mwaka 2016, timu 254 ilitumia simu ya Android kama jicho la roboti, na timu 900 ya North Carolina imejulikana kwa kutumia kompyuta za NVIDIA Jetson pamoja na ROS, mfumo wa watafiti wa roboti.

Ni kazi nzuri, lakini timu changa inayoanza hapo huanza kwa paa. Kamera huiambia roboti iliko kwa vipande vipande, na kati ya picha moja na nyingine ni enkoda za magurudumu na gairo, kihisio cha kugeuka kwa roboti, zinazoshikilia hesabu. Kama enkoda zinasoma vibaya, kamera italeta mvurugano zaidi. Ndiyo maana mpangilio wa matumizi ninaoutetea huenda hivi: kwanza betri nzuri na chaja, pili viunganishi na nyaya zinazobana, tatu mota zenye enkoda, nne spea za kila kinachoweza kuvunjika, na mwisho kamera. Roboti nyingi zinazozima uwanjani huzima kwa waya uliolegea au betri iliyochoka. Programu hulaumiwa kwa kuwa haionekani.

Hapo pia kipimo cha urithi kinafanya kazi. Kifaa ambacho mwanafunzi mmoja tu anajua kukifungua ni deni. Kifaa ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amekichomoa, amekisafisha na kukirudisha ni mtaji.

Afrika Mashariki

Uhusiano wetu na ulimwengu huu ulipata mlango mkubwa mwaka 2017, FIRST Global Challenge ilipofanyika kwa mara ya kwanza Washington na kuzikutanisha timu za nchi zaidi ya 150. Baadaye imefanyika Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore na kwingineko. Kila nchi hupeleka timu moja, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni miongoni mwa zilizowahi kushiriki. Kila timu hutumiwa kasha la vifaa vinavyofanana, na mfumo wake ni ule wa REV unaotumika FTC. Kwa hiyo lugha zinazongoja ndani ya kasha ni Java na vitalu.

Mfumo huu una faida ambayo mwalimu wa Sumbawanga au Lodwar ataithamini kuliko mwalimu wa California. Control Hub hutoa Wi-Fi yake yenyewe, na mhariri wa vitalu pamoja na ule wa Java uitwao OnBot Java hufunguka ndani ya kivinjari cha kompyuta yoyote iliyoungana nayo. Intaneti haihitajiki, wala kusakinisha programu kubwa. Linganisha na vifaa vya programu vya FRC, ambavyo kuvipakua tu ni zaidi ya gigabaiti moja, na programu ya dereva iliyodai Windows. Kwa shule inayonunua bando kwa vocha na kushirikisha wanafunzi wengi kompyuta chache, tofauti hii ina uzito zaidi kuliko kasi ya lugha yoyote.

Hata hivyo kasha la FIRST Global hufika mara moja kwa mwaka, kwa timu moja, kwa nchi nzima. Vijana wengi wa hapa wanaoipenda roboti hukutana nayo kupitia Arduino, bodi iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambayo kopi zake zinapatikana kwa wauza elektroniki wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue, Nairobi. Arduino Uno ina prosesa ya megahezi 16 na RAM ya kilobaiti 2, na huandikiwa kwa C++ iliyorahisishwa. Pembeni yake ipo ESP32, yenye viini viwili vya hadi megahezi 240, Wi-Fi na Bluetooth, ambayo hupokea MicroPython bila taabu. Darasani nako njia inafunguka: mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuprogramu kwa shule za msingi na sekondari.

Maana yake ni kwamba lugha yenye majirani wengi huku kwetu si lazima iwe Java. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akikwama na Arduino, mtu wa kumsaidia yumo mtaani au chuoni. Akikwama na Java ya roboti, msaada uko mbali zaidi. Timu ya taifa inapoteuliwa miezi michache kabla ya safari, vijana hao hujikuta wanajifunza lugha mpya, kifaa kipya na mchezo mpya kwa pamoja, na wakirudi nyumbani baadhi yao wako Kidato cha Nne, mtihani unawakabili, na kasha linafungiwa stoo.

Ningependa tupange kinyume chake. Mazoezi ya mwaka mzima yafanyike kwa ESP32 na mota ndogo, kwa Python au C++, kulingana na nani anayefundisha. Mwanafunzi ajifunze hapo mambo yasiyobadilika: kusoma enkoda, kurekebisha mwendo, kugawa programu katika sehemu, kutunza matoleo kwa Git, ambayo hufanya kazi ndani ya kompyuta bila intaneti. Kasha likifika, waanze na vitalu wiki ya kwanza, wafungue Java inayolingana nayo wiki ya pili, na wahamie OnBot Java wakiwa wanajua wanachokitafuta. Kasha la mwaka uliopita litolewe stoo na kukabidhiwa timu ya Kidato cha Pili, maana roboti iliyokwisha kushindana ndiyo kitabu bora cha roboti.

Daftari na mali

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mashindano yenyewe yameikubali hekima hiyo: VEX hutunuku timu kwa daftari la uhandisi, na majaji wa FTC husoma kumbukumbu za kazi ya timu kabla ya kugawa tuzo. Timu nyingi hulijaza daftari wiki ya mwisho ili kuwaridhisha majaji. Hasara ni ya timu, kwa sababu msomaji halisi wa daftari ni mwanafunzi ambaye bado hajajiunga.

Daftari linalorithishika huandika sababu. Kuandika kwamba mota ya mkono iko bandari namba 3 ni muhimu, lakini kuandika kwamba tulipunguza nguvu yake hadi nusu kwa sababu mnyororo ulikatika mara mbili ni bora zaidi. Vivyo hivyo maelezo yanayowekwa ndani ya programu. Kompyuta hupuuza maelezo hayo, kwa hiyo hakuna kanuni ya Java wala ya Python inayozuia yaandikwe kwa Kiswahili. Wanafunzi wanaojadili roboti kwa Kiswahili mezani kisha wakaandika maelezo kwa Kiingereza cha kubahatisha humwachia mrithi wao kitendawili. Wayaandike kwa lugha waliyofikiria nayo, na kazi itaeleweka hata mwandishi akiwa ameshaondoka.

Uchaguzi wa lugha, basi, hufuata mpangilio ulio wazi. Timu itazame kwanza kanuni zinaruhusu nini. Kisha ihesabu watu: nani anaifahamu lugha hii leo, nani ataifahamu miaka miwili ijayo, na ni jirani gani atakayesaidia. Kama jibu ni mtu mmoja, lugha hiyo ni ya mtu huyo, haijawa ya timu. Baada ya hapo itazame kosa litajitokeza wapi, mezani au uwanjani. Kasi ije mwisho, na ije tu kama imepimwa kwenye roboti yenyewe na kuonekana ndiyo inayokwamisha. Timu ikifuata mpangilio huo inaweza kuishia Java, Python, C++ au vitalu, na kila jibu litakuwa sahihi mahali pake.

Walimu, wafadhili na wizara za elimu nao wana sehemu yao. Fedha inayotolewa kwa ajili ya safari moja ya mashindano hununua picha na medali, na hakuna ubaya katika hayo. Fedha inayolipa posho ya mlezi kwa miaka mitatu mfululizo, ikanunua spea na kuiacha karakana wazi Jumamosi, hununua mlolongo wa wanafunzi ambao kila mmoja amefundishwa na aliyemtangulia. Anayetaka kujua kama mpango wa roboti shuleni kwake umefanikiwa aende mwaka ambao mwandishi bora wa programu ameshahitimu, amwombe mwanafunzi wa Kidato cha Pili aiwashe roboti, abadilishe kitu kimoja ndani ya programu yake, na aeleze kwa nini amekibadilisha. Timu inayofaulu mtihani huo ilichagua lugha na vifaa vyake vizuri, iwe imewahi kurudi na kombe au la.